Kiti Kilichoinama Kushoto

Latifu ameshona viti vya pikipiki hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, tangu enzi ambazo ungeweza kuzitaja pikipiki za mji mzima moja moja pamoja na wenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki hata moja. Watu walishazoea. Mganga hajigangi, walisema, na mshona viti naye hakalii. Kila jioni alifunga kibanda chake nyuma ya soko na kushuka mtaani kwa miguu, huku pikipiki za abiria zikimpita, zimebeba makalio ya watu juu ya kazi ya mikono yake. Madereva walimpigia honi. Yeye aliinua mkono bila kugeuka, maana kila mmoja alimjua kwa sauti ya injini yake, na hakuna injini aliyoipenda. Pikipiki za siku hizi, au moto kama zinavyoitwa huku, alisema, zinalia kama cherehani, na cherehani anayo tayari.

Aliyoitaka ilikuwa moja tu: Yamaha AG mia ya zamani, yenye vyuma vya kukinga mikono na vichanja vya mizigo mbele na nyuma, ile ambayo hapo kale walipewa mabwana shamba na mapadri. Akiwa kijana aliwahi kupakiwa kwenye mojawapo, kutoka uwanda wa Bugarama kupanda hadi Kamembe, mvua ikimwagika na barabara imekuwa uji, na ile pikipiki haikuzimika hata mara moja. Mtu akipenda kitu katika umri ule, usimtafutie dawa.

Aliyempakia siku hiyo alikuwa Muhigirwa, bwana shamba wa mpunga, ambaye huku kila mtu alimwita Agronome hata baada ya kustaafu. Muhigirwa alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Kila aliposimamisha pikipiki ilimbidi alale upande ili mguu ufike chini, na mara mbili tatu alianguka mbele ya wakulima, jambo ambalo kwa mtu wa serikali ni baya kuliko kuumia. Miaka michache baadaye, Latifu akiwa fundi mpya mwenye cherehani ya kuazima, Agronome alimletea kiti.

"Fundi, unikatiye huku kwa kushoto," alimwambia. "Nataka mguu ifike chini."

Latifu akakata sponji upande wa kushoto, akaongeza upande wa kulia, juu akavika ngozi nyeusi ya plastiki kwa mishono ya misalaba, na mkiani mwa kiti akapitisha nyuzi tatu za bluu, alama yake. Kiti kikamfaa Agronome na hakikumfaa mtu mwingine yeyote duniani. Mkewe Nyirakamana alilalamika kwamba kila akiweka pale kikapu cha mayai, kikapu kinateleza na mayai yanamwagika. Agronome alicheka, akasema mayai yajifunze kupanda nyuma.

Miaka ikaenda. Agronome akastaafu, akarudi kwao Nyakarenzo, akafa. Latifu alikwenda mazikoni, akatupa udongo wake na kurudi. Baadaye alisikia sokoni kwamba mjane amechukuliwa na binti yake Kigali, nyumba imefungwa na vitu vyote vimeuzwa. Nani alisema? Sokoni walisema. Na habari ya sokoni haina baba wala mama. Latifu hakuuliza zaidi, na hapo ndipo kosa lake lilipoanza, ingawa yeye mpaka leo atakuambia lilianzia kwingine.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokwisha, kwenye kundi la simu la wapenda pikipiki za zamani, mtu aliyejiita Jean-Paul alitangaza AG. Alisema yuko Nyagatare, pembe ile nyingine kabisa ya nchi. Ukitoka kwetu Rusizi alfajiri kwa basi, unafika huko jioni na kiuno si chako tena. Aliweka picha tatu, zote zimepigwa kutoka upande wa kushoto, na namba ya usajili imefutwa kwa doa jeusi. Latifu aliivuta picha ya pili kwa vidole viwili hadi kiti kikajaa kioo cha simu. Misalaba. Mkiani, nyuzi tatu za bluu.

Alikuwa na sindano mdomoni, na ni bahati tu hakuimeza.

Basi mtu huyu, ambaye msikitini ndiye aliyekuwa akiwaonya wenzake kuhusu matapeli wa simu, na ambaye wazee wa mtaa walimletea ujumbe wa kutiliwa shaka awasomee, alichukua simu akarekodi sauti yake: "Assalam aleikum. Ndugu, hiyo moto si ilikuwa ya Agronome Muhigirwa, wa Bugarama?"

Jibu halikukawia. "Waaleikum salaam, Papa! Huyo huyo! Niliinunua kwa batoto bake. Mungu ni mukubwa, kumbe unamujua?"

Ona ilivyo rahisi. Yule mtu hakujua jina wala mahali, akapewa vyote bure, akavifunga kwenye karatasi nzuri na kumrudishia mwenyewe. Na Latifu akapokea kwa mikono miwili. Jioni ile alitembea kwenda nyumbani kwa hatua za mtu ambaye hatatembea tena.

Mkewe Mukundwa, ambaye mtaani ni Maman Sauda kwa jina la binti yao wa kwanza, alikuwa akichambua vitunguu vya kuvusha kesho yake. Mukundwa ni mfanyabiashara wa mpakani. Anavuka daraja la Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu na kurudi, na kazi ile ina sheria yake, haijaandikwa popote lakini hakuna anayeivunja mara mbili. Bidhaa ya ng'ambo hainunuliwi kwa maneno. Kila mwanamke wa mpakani ana mtu wake upande wa pili, na mtu huyo huitwa jicho. Jicho linakwenda, linashika, linanusa, linabonyeza, ndipo pesa inavuka. Jicho la Mukundwa huko Bukavu ni Ciza, muuza vitenge, mtu wa maneno mengi na macho makali, naye Mukundwa ni jicho la Ciza upande huu. Hawalipani. Na anayemdanganya mwenzake hata siku moja, habari zake hufika darajani kabla yake.

Alizitazama picha zote tatu, akarudisha simu.

"Jicho yako kule Nyagatare ni nani?"

"Kiti," Latifu alijibu.

"Kiti?"

"Maman Sauda, hii mikono njo ilishona. Ona uzi. Nitafute jicho ya nini? Kiti yangu inanishuhudia."

"Kiti inashuhudia kama ni kiti. Ule mwenye kutuma foto, nani anamushuhudia?"

"Una wivu na moto ata haiyafika."

"Wivu ya kintu haiko hapa?" Mukundwa alisema, akaendelea na vitunguu vyake.

Siku zilizofuata Jean-Paul alimvika Latifu kilemba cha ukoka. Alimwita Papa, alimwita Fundi Mukubwa, alimuulizia watoto na afya. Alisema pikipiki kama ile haimfai kila mtu, inataka mtu mwenye heshima ya vitu vya zamani. Siku ya tatu ndipo alipotaja nusu ya bei itangulie kwa simu, pamoja na ya lori la kuileta. Siku ya nne kulizuka mtu wa Kigali ambaye naye anaitaka, tena analipa zaidi, lakini Jean-Paul moyo wake uko kwa Papa Latifu. "Ila ngoja ngoja huumiza matumbo, Papa," alimalizia.

"Haraka haraka haina baraka, umwambie," alisema Mukundwa.

Latifu aliuliza namba ya usajili. Jean-Paul akajibu kwamba ameificha kwa sababu ya matapeli: "Papa, batekamutwe beko bengi siku hizi." Latifu akamwona ni mtu mwangalifu. Akamsifu kwa mkewe. Mtu akishapenda, hata mwizi akijificha kwa kuogopa wezi, atampelekea shuka.

Mukundwa hakugombana. Alifanya anachofanya siku zote: alitafuta jicho. Bizimana, dereva wa lori anayebeba saruji kutoka Bugarama, alikuwa na safari ya kwenda kaskazini mashariki, na Alhamisi angepita Nyagatare. Alikubali kusimama, kuishika pikipiki na kuipiga teke iwake. Latifu alimwarifu Jean-Paul kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema.

Kumbe Alhamisi Jean-Paul alikuwa na msiba Uganda. Pikipiki ingefungiwa ndani na ufunguo angesafiri nao. Na mtu wa Kigali angefika Jumatano.

"Basi leo," alisema Mukundwa. "Leo moto iko kwake, si njo? Mwambie achukuwe Fanta citron, aiweke pa kiti, apige foto. Fanta iko kila fasi. Na Nyagatare iko."

Latifu aliona haya kumwomba mtu wa heshima mchezo wa kitoto kama huo, lakini aliandika. Jean-Paul alisema kamera imeharibika. Kisha akasema hana Fanta. Kisha akanyamaza kutwa nzima, na Latifu siku hiyo alikata sponji mara mbili vibaya, akamjibu ovyo jirani yake Harerimana, kinyozi, aliyekuja tu kuazima mkasi.

Baada ya sala ya magharibi picha ikaingia. AG ile ile, upande ule ule, na juu ya kiti, pale anapokaa dereva, chupa ya Fanta citron imesimama wima kama askari wa gwaride.

"Umeona?" Latifu aliinua simu juu kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona, Maman Sauda?"

Mukundwa aliitazama kwa muda mrefu. Chupa ilikuwa chupa, kiti kilikuwa kiti. "Basi," alisema. "Nimeshindwa."

Latifu akaketi mkekani, akaanza kuandika namba ya kupelekea pesa. Vidole vilikuwa vyepesi. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho alirudi kwenye picha, si kwa shaka yoyote bali kwa raha tu, kama mtu anayemchungulia bibi harusi kabla ya siku. Akatazama misalaba yake. Akatazama nyuzi zake za bluu. Akatazama chupa.

Akakumbuka kikapu cha mayai.

Akaivuta picha, akaivuta tena, hadi mkewe akageuka.

"Nini?"

"Haiwezi kusimama pale," alisema Latifu.

"Nini haiwezi?"

"Chupa. Pale nilikata. Nilikata mimi mwenyewe, kushoto, juu ya mguu ya Agronome. Ata embe haikae pale. Ata mayai haikukaa. Bamebandika. Bamechukuwa foto ya chupa, bakaiweka juu ya foto ya kiti."

Mukundwa alichukua simu mkononi mwake polepole, jinsi anavyomnyang'anya mtoto kisu, akafuta ile namba.

Mtu angedhani Latifu alishukuru. Hakushukuru. Alikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni tupu ya mtu aliyefiwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Alimwandikia Jean-Paul maneno machache: asogeze chupa nyuma kidogo, apige tena. Jean-Paul akajibu kwamba Mzee anampotezea muda, kwamba watu wa Rusizi ni maskini wanaopenda vya bure, na kwamba mtu wa Kigali ameshalipa. Dakika chache baadaye picha yake ikatoweka kwenye simu, na jina likabaki peke yake.

Siku mbili Latifu hakutaniwa wala hakutania. Alishona kiti kimoja kikapinda, mwenyewe akakirudisha. Siku ya tatu, wakinywa chai, Mukundwa akauliza kana kwamba anauliza bei ya sukari:

"Ile foto ya chupa ni bongo. Na zile za kwanza?"

"Zile ni za kweli. Kiti ni yangu."

"Basi moto iko."

"Iko Nyagatare huko, kwa ule shetani."

"Nani alisema iko Nyagatare?"

"Yeye."

"Na nani alimwambia ilikuwa ya Agronome?"

Latifu aliweka kikombe chini. Akakichukua tena. "Miye," alisema.

Alizifungua picha za kwanza. Kwa mara ya kwanza hakutazama kiti. Alitazama nyuma ya kiti. Kulikuwa na migomba, na nyuma ya migomba mteremko mkali wenye matuta ya maharage, wa aina ambayo mbuzi hupanda akipumzika njiani. Nyagatare ni nchi ya ng'ombe na tambarare. Tangu mwanzo mlima wa kwao ulikuwa umesimama pale pale kwenye picha, mpana kama ukuta, na yeye akihesabu mishono.

Alfajiri yake alipanda pikipiki ya abiria kwenda Nyakarenzo, akiwa amekalia kiti alichokishona mwenyewe, na njia nzima dereva alimlalamikia kwamba kimeanza kuchanika.

Nyumba ya Agronome haikuwa imefungwa. Uani, mwanamke mzee mwenye kitenge cha kijani alikuwa akianika maharage kwenye jamvi. Latifu alimsalimia. Mwanamke hakuitikia salamu. Alimtazama viatu, akamtazama mikono kama ameshika kamba, akauliza:

"Na wewe umelipa?"

"Nilipe nini, Maman?"

"Moto. Kama umelipa, enda ulize ule ulimulipa. Miye sikuuzia muntu."

Ndivyo alivyoijua habari nzima, akiwa bado amesimama juani. Nyirakamana alikwenda Kigali kweli kwa binti yake Mutoni, lakini hakuweza kulala penye kelele, akarudi kabla Pasaka haijafika. Hakikuuzwa kitu. Mutoni alipomsindikiza aliipiga pikipiki ya marehemu picha, akaitangaza kwenye mtandao akiulizia bei, na aliandika wazi kwamba iko Nyakarenzo. Wezi wakazichukua picha, jina la mahali wakaliacha. Waliolizwa walipozinduka, walitafuta, wakaikuta ile ya Mutoni, wakaja. Alikuja mtu wa Huye. Akaja mwingine na mkewe na kamba ya kuifunga kwenye gari. Yule wa Huye alimwita mwizi mbele ya majirani, yeye, mjane wa Agronome, mwenye nafasi yake kanisani kwenye benchi la pili.

"Siku ya posho bantu ba byuma banakuya," alisema. "Batakata, bapeleke. Nimechoka kuitwa mwizi mu lupango yangu."

Siku ya posho ni Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Kwa wiki nzima Latifu alikuwa tayari kuwapelekea wezi nusu ya bei ya pikipiki iliyo Nyagatare, na hapa, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwake, ilikuwa ikisubiri msumeno.

"Maman, miye ninaijua hiyo moto," alisema.

"Bote balisema banaijua." Nyirakamana aligeuza maharage kwa kiganja. "Nilikuwa naulizaka kila moya: kama unaijua, ukiikalia inakumwaga fasi gani? Hakuna alijibu. Moya alisema mbele."

"Kushoto," alisema Latifu. "Na mayai yako, Maman, miye njo nilikuwa nayimwaga."

Mkono ukasimama juu ya maharage. Mwanamke alinyanyua uso, akamtazama upya, kuanzia kofia hadi vidole vyenye alama za sindano. Kisha akajifunika mdomo kwa pindo la kitenge, na mabega yakamtikisika. Latifu hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuona sababu ya kuuliza.

"Fundi," alisema hatimaye. "Ya mayai, Mzee alikuwa anasimuliaka mpaka siku ilimulalisha."

Pikipiki ilikuwa nyuma ya jiko, imefungwa mnyororo kwenye mti wa parachichi, na kuku walikuwa wamejifanyia kitanda kwenye kichanja cha nyuma. Latifu aliizunguka. Aliisoma namba ya injini na namba ya fremu kwa tochi ya simu, akazilinganisha na kadi ambayo Nyirakamana aliitoa chini ya godoro. Aliipiga teke mara nyingi hadi akavua koti. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, kuku wakakimbia, ikanguruma. Hapo uso wake ulikuwa wa yule kijana wa kwenye mvua, na kama mjane angetaja bei ya wazimu angekubali.

Lakini hakulipa. Alikuwa amejifunza, na aliyechomwa na uji hupuliza hata maji. "Maman, tungoje Jumamosi," alisema. "Mutoni akuye, na bashahidi bakuye."

Nyirakamana akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Njo muuzo ile," alisema. "Muntu mwenye kulipa mbiyo mbiyo, miye namuogopa."

Huku kwetu kitu kikubwa, ng'ombe au shamba, hakihami mkono bila mashahidi, na shahidi ambaye koo lake halikulowa hakumbuki kitu. Jumamosi alikuja Habimana, shemeji wa Nyirakamana, na majirani wawili. Kutoka Kamembe alikuja Harerimana kinyozi, na Mukundwa, ambaye aliacha soko la Bukavu siku hiyo ili awe jicho la mumewe ana kwa ana. Mutoni alifika na basi la usiku. Watu wa vyuma chakavu walirudishwa njiani kwa maneno mazuri. Mashahidi walikunywa pombe ya ndizi, Latifu na mkewe wakanywa Fanta citron, na ilipotajwa kwamba sasa pikipiki imeuzwa, Habimana aliyekuwa amechangamka akaiweka chupa yake ya pombe juu ya kiti aone. Ikateleza kushoto na kumlowesha suruali, na hakuna shahidi atakayesahau mauzo yale.

Yaliyobaki, ya ofisini, ya kubadilisha jina kwenye kadi, yalifanyika wiki iliyofuata, Mutoni akiwepo. Kabla ya kuondoka na pikipiki yake, Latifu aliitwa kando na mjane.

"Kiti usitengeneze," alimwambia.

"Maman, miye miguu yangu iko sawasawa."

"Najua."

Latifu alifikiri kidogo, akasema sawa. Basi fundi wa viti wa Kamembe sasa ana pikipiki, na anaiendesha ameinamia kushoto, mshona viti mwenye kiti kibovu kuliko vyote mjini. Madereva wanamcheka. Yeye anainua mkono bila kugeuka. Mukundwa akipakiwa anashika kichanja kwa mikono miwili, akisema heri miguu yake.

Miezi miwili ilikuwa imepita, mchana mmoja wa jua kali, mtu mgeni alipokuja na kusimama mbele ya kibanda. Alikuwa amebeba mfuko mdogo na viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia ndefu. Hakumtazama Latifu. Aliitazama pikipiki iliyoegeshwa kivulini, akaizunguka, akainama akazigusa nyuzi za bluu kwa kidole.

"Hii ni moto yangu," alisema. "Nimeilipa."

Madereva wawili waliokuwa wakisubiri wakaanza kucheka. Harerimana akatoka kwenye kibanda chake cha kunyolea na mkasi mkononi. Mgeni akafungua simu yake akawaonyesha wote, mmoja baada ya mwingine: picha zile zile, na picha ya chupa ya Fanta imesimama wima. Alikuwa Kalisa, mwoka mikate wa Karongi. Alikwenda Nyagatare hakukuta mtu. Alikwenda Nyakarenzo, akaelekezwa huku. Alisema haya yote kwa sauti ya chini na ya haraka, kama mtu aliyeyarudia njiani kote ili asilie akifika.

Latifu alimwonea huruma, na pia aliogopa, kwa sababu alikuwa akimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alibakiza kidole kimoja tu awe. Angeweza kumweleza. Angeweza kumwonyesha kadi yenye jina lake. Aliwanyamazisha madereva kwa mkono, akaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi yake na kuishikilia.

"Kaa," alimwambia.

Kalisa akapanda. Akateleza kushoto, akajishika kwenye usukani. Akajirudisha katikati, akateleza tena, mpaka mguu wake wa kushoto ukatua chini wenyewe.

"Hii kiti iko na shida," alisema, akijitazama kiunoni. "Ule muntu hakuniambia."

"Angekuambia nini, ndugu?" alisema Latifu. "Hakuikaliaka."

Kalisa alibaki amekaa pale, mguu mmoja chini, mikono miwili kwenye usukani wa pikipiki aliyoilipia. Latifu alirudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi, akamwacha akae.